Mama Mmoja Katika Bwawa la Pili

Lufira, 8 Oktoba 2023

Kambo yangu Virginie, bibi yangu na mke wangu wa kwanza kabla ya wengine wote,

Jambo sana. Goti linasemaje? Natumaini barua hii inakukuta umesimama, unafokea mtu. Mimi ni mzima, ila mbu wa huku kituoni wamenifanya kuwa chakula chao cha jioni. Fils, dereva wa basi, amekubali kubeba barua zetu kila Jumapili, kwa hiyo hutasema tena nimekusahau. Simu huku haishiki mpaka nipande juu ya kichuguu, na wewe mwenyewe hupendi simu. Unasema sauti yake haiwezi kuwekwa chini ya mto.

Kambo, nina ombi. Profesa Gauthier, anayesimamia mémoire yangu ya kumaliza chuo hapa kituo cha samaki, amenipa kazi juu ya tilapia. Shida yao unaijua kuliko mimi: unatia mia, baada ya miezi minne unavuta elfu mbili, wote wadogo kama kidole, maana wanazaa wakiwa bado watoto. Mimi najaribu kuwatengeneza wasiozaa.

Ni hivi. Ndani ya mwili wa kila tilapia kuna nyuzi ndogo sana, zinaitwa kromosomu, ambamo imeandikwa jinsi atakavyokuwa. Ni arobaini na nne: fungu moja la baba, fungu moja la mama. Lakini yai la mama huwa na fungu jingine la ziada, na likikutana na mbegu ya baba hulitupa nje. Mimi naliwahi kabla halijatupa. Naweka maji juu ya mbabula, jiko la makaa kama lako, nayafikisha digrii arobaini na moja, na dakika ya tano baada ya yai kukutana na mbegu nazamisha mayai humo kwa dakika nne. Yai linashtuka, linabaki na lile fungu. Samaki anatoka na kromosomu sitini na sita: fungu moja la baba na mawili ya mama. Anaishi vizuri na anakula vizuri, ila hazai. Ni tasa. Na tasa ana faida, Kambo: kila anachokula kinakuwa nyama, hapotezi kitu kwa watoto.

Naomba mabwawa yako mawili. La kwanza nitatia mia tatu wa kawaida, la pili mia tatu wa mafungu matatu, wakae miezi minane. Lakini kwanza yamwagwe maji yote, samaki wa zamani watoke, asibaki hata mmoja, kisha chokaa. Profesa ana wanafunzi wawili na nafasi moja tu ya kazi hapa. Jaribio likiharibika, mémoire imeanguka na nafasi inakwenda kwa mwenzangu. Sina njia nyingine.

Mjukuu wako na mume wako,
Élie


Naviundu, 15 Oktoba 2023

Mume wangu Élie,

Jambo na baraka za Mungu. Goti linakusalimu. Linasema lenyewe halijafa, lililokufa ni lile jingine. Unakula? Fils anasema umekonda, na Fils mwenyewe ni fimbo, kwa hiyo nimeogopa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya tatu nimemsomea jirani yangu Christiane, maana huyo hata usipomsomea atasoma juu ya ukuta. Akashika kiuno: « Batoto ba leo! Banapika mayai ya samaki pa mbabula, kisha banasema haiko omelette! » Tumecheka mpaka kuku wakakimbia.

Mafungu mawili ya mama. Hilo limenipendeza. Basi hao ni ndugu zako. Wewe pia ulipata mama mara mbili: Estelle, mtoto wa dada yangu, aliyekuzaa, halafu miye niliyekuchukua mgongoni tulipotoka kumzika, una miaka miwili na kiatu kimoja.

Mabwawa ni yako. Marehemu mume wangu Godefroid aliyachimba alipopumzishwa kazi ya reli, na chake ni chako. Nimeshawaita wanawake wa jumuiya waje kuvua. Maji yatamwagika wiki hii na chokaa itafuata.

Lakini nina swali moja. Hao samaki wako wanajua kwamba hawatazaa? Nauliza tu, usinijibu kwa hesabu. Mengine tutasema ukija.

Kambo yako, mke asiyezeeka,
Virginie


Lufira, 5 Novemba 2023

Kambo mpenzi,

Jambo sana. Nimefika salama, mifuko mitupu na tumbo limejaa. Bukari na matamba yako yamenifikisha mpaka jana bila kuona njaa. Mgongo unaniuma kwa zile ndoo, wewe je? Uliinua nyingi kuliko mimi, na nilikukataza.

Basi wamo mabwawani wote mia sita. Kila mmoja nilimkata ncha ya pezi dogo la tumboni, upande wa kushoto, kama alama. Ukimvua samaki mkubwa mwenye mapezi yote mawili mazima, ujue si wangu. Lakini hatakuwepo, maana tuliacha matope matupu yenye chokaa, mwenyewe niliona.

Kuhusu swali lako, hawajui kitu, Kambo. Ni samaki.

Nilikuona umenyamaza siku zile mbili, na wewe si mtu wa kunyamaza. Hata beseni lililofunikwa kwa kitenge pale nyuma ya jiko, nilipouliza, ulijibu kwa ukali kwamba ni mihogo unaloweka. Kama kuna jambo nimekukosea, niambie. Nono, msaidizi wa Profesa, atakuja Februari kupima. Mpaka siku hiyo chonde, kitu chochote kisiingie mabwawani, hata bata wa Christiane.

Mume wako mwenye mgongo wa mzee,
Élie


Naviundu, 17 Desemba 2023

Mume wangu,

Jambo, na heri ya Noeli inayokuja. Hatujambo. Mvua imeanza kweli, paa linavuja mahali pale pale, sufuria iko mahali pale pale.

Samaki wako wanakula kama wanajeshi. Asubuhi nawapa pumba za mahindi, jioni machicha ya bia ambayo Christiane anayapata kwa shemeji yake. Bwawa la pili wananijua sasa. Nikikohoa tu, wanakuja. Madume wamechimba mashimo chini, pembeni, kama sahani, na kila mmoja anazunguka kwenye sahani yake na kufukuza wenzake. Kwa hiyo nyumba wanajenga, Élie. Ulisema hawajui kitu, lakini nyumba wanajenga.

Bata hajaingia. Christiane amemfunga mguu na ananilaani kila siku.

Hukunikosea jambo. Uzee tu. Mzee ana haki ya kunyamaza siku mbili kwa mwaka. Kula nyama siku ya Noeli, hata kama ni ya mkopo.

Kambo yako,
Virginie


Lufira, 18 Februari 2024

Kambo,

Jambo. Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Nono amerudi kutoka kwako Alhamisi na amemwonyesha Profesa chupa. Ndani ya chupa kuna watoto wa tilapia, wadogo kama punje za mchele, na wengine wakubwa kidogo. Wametoka bwawa la pili. Anasema kila aliporusha wavu ulikuja nao, bwawa limejaa. Bwawa la pili, Kambo, ambako hakuna anayeweza kuzaa!

Profesa hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. Alisema tu mbele ya wote: « Élie, maji yako haikukuwa moto. Thermomètre ilikudanganya, na wewe ukatudanganya sisi. » Mwenzangu aliangalia viatu vyake. Nimepitia daftari langu usiku na mchana. Maji yalikuwa digrii arobaini na moja kila mara. Sielewi.

Nisaidie kufikiri. Je, mvua ilileta maji ya mto ndani? Kuna mtoto aliyetupa samaki kwa mchezo? Kama hakuna kitu kilichoingia, basi kosa ni langu, na miaka miwili ya kazi ni bure. Nimepewa mpaka mwisho wa Aprili kueleza. Nijibu Jumapili hii hii, tafadhali.

Élie wako


Lufira, 10 Machi 2024

Kambo,

Jambo. Jumapili tatu sasa. Fils anasema hujambo, umesimama mlangoni, umemwambia huna barua. Umenikasirikia? Au unaona haya kwamba mtoto wako ameshindwa?

Sitakusumbua tena kwa maswali. Binamu ya Nono yuko Kinsevere, anasema wanatafuta mtu wa kuosha magari ya mgodi, na hawaulizi karatasi. Mwisho wa mwezi nitakwenda kuona. Masomo nitayaacha hapo yalipofika. Angalau nitakutumia mabati ya paa.

Usiwe mgonjwa. Hilo tu naomba.

Élie


Naviundu, 17 Machi 2024

Élie mwanangu,

Jambo. Leo sikuiti mume. Utani una siku zake.

Keti kwanza, halafu usome. Maji yako yalikuwa moto. Daftari lako linasema kweli. Mwenye kosa ni miye.

Siku ya mwisho ya kumwaga maji, wanawake walikuwa wamekwenda na ndoo zao, nikabaki kukagua matope kama ulivyoagiza. Katika kidimbwi cha mwisho nikamkuta jike mmoja mkubwa, amefunga mdomo, mashavu yamevimba. Nikambonyeza kidogo, nikaona vichwa. Alikuwa na watoto mdomoni. Mama yangu, mtu wa Kinkondja kando ya ziwa Kisale, alitulea hivi: samaki mwenye watoto mdomoni haendi sufuriani. Unamrudisha majini na unamwomba radhi. Nimefanya hivyo tangu nina miaka sita, sijui kufanya vingine. Mtoni nisingeweza kumpeleka. Maji ya Naviundu mwezi ule yalikuwa yanafika kwenye kifundo cha mguu, na chupa za plastiki juu yake. Nikamweka ndani ya beseni. Mihogo ile ndiyo yeye. Siku zote zile hakula kitu, alifunga mdomo tu na kunitazama, na miye nikakudanganya mbele yake.

Ulipoondoka, nikambeba mpaka mabwawani nikasimama katikati. Nikasema, hawa wa kwanza wana chao. Hawa wa pili hawatapata mtoto maisha yao yote. Basi wapate angalau mtoto wa kupita karibu nao. Nikamtia bwawa la pili. Watoto aliokuja nao wamekua, nao wamezaa, ndio hao wa kwenye chupa.

Utauliza kwa nini sikusema. Uliandika lile neno mara mbili, moja nyuma ya jingine, na ukaongeza kwamba hapotezi kitu. Élie, nimekaa na Godefroid miaka thelathini na minane. Ndugu zake waliniita neno hilo kwenye kila matanga na kila harusi, na mara mbili walimletea mke mwingine mpaka mlangoni. Aliwapa maji ya kunywa akawarudisha naye. Kwa hiyo nalijua neno hilo kuliko Profesa wako. Nami nilipoteza, kila mwezi nilipoteza. Najua ulikuwa unaandika habari za samaki. Kichwa kilijua. Moyo haukujua.

Barua yako ya Februari nilipoisoma nilifahamu papo hapo, na nikanyamaza kwa aibu. Aibu ya mzee ni mbaya kuliko ya mtoto, maana mzee hana wa kumsingizia. Lakini uliposema unakwenda kuosha magari kwa ajili ya kosa langu, nililia, halafu nikatafuta kalamu.

Usiende Kinsevere. Jumapili ijayo nakuja mwenyewe na basi la Fils. Wanawake wa jumuiya wameingia bwawani na vyandarua, tumemkamata. Mapezi yake mawili ya tumboni ni mazima kabisa. Ninamleta hai ndani ya bidoni, dumu lenye mdomo mpana. Mwambie Profesa anisubiri.

Nisamehe.
Kambo yako Virginie


Lufira, 14 Aprili 2024

Kambo yangu,

Jambo sana. Goti limepona safari? Fils anaapa hatabeba tena abiria mwenye samaki. Anasema kila kwenye matuta ulimpigia kelele kana kwamba amebeba maaskofu.

Kuna mambo ambayo hukuyaona. Uliposimama mbele ya Profesa na kusema « Prof, mutoto hana kosa, ni miye nilitia muntu mu maji », nilitoka nje. Ulidhani nalia. Nilikuwa na hasira, Kambo, hasira ya kuvunja kitu. Miaka miwili! Nilikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Jioni nikatafuta daftari ambamo huwa naandika barua zangu kabla ya kuzinakili, nikasoma ile ya kwanza. Nikaona nilivyoandika, na niliyemwandikia. Hasira ikaisha, ikabaki haya. Neno lile nimelitoa katika mémoire yote, kurasa tisini. Nisamehe na wewe.

Sasa sikiliza. Profesa alimgeuza jike wako tumbo juu, akaona mapezi mazima. Kesho yake akamtuma Nono kuchukua samaki kumi na wawili wenye alama wa bwawa la pili. Tuliweka tone la damu ya kila mmoja chini ya darubini. Wenye mafungu matatu chembe zao za damu ni kubwa kuliko za kawaida, huwezi kukosea. Kumi na mmoja walikuwa na chembe kubwa, mmoja za kawaida. Tukawapasua majike wa hao kumi na mmoja, mahali pa mayai pana uzi mwembamba tu. Watoto wa kwenye chupa, damu yao ni ya kawaida kabisa. Kwa hiyo maji yalikuwa moto!

Lakini kupima uzito hakufai tena, maana wale watoto walikula chakula cha wenzao. Profesa anasema sehemu hiyo niitoe, na kosa liandikwe lote lilivyokuwa. Nitaitetea mémoire Septemba mbele ya watu watatu. Wakiona jaribio lilisimamiwa ovyo, wanaweza kunikataa, na Profesa hatawazuia. Nafasi ya kazi inangoja siku hiyo. Nataka uwepo. Njoo na Christiane, bila bata.

Jike wako amepewa tangi lake. Nono anamwita Virginie. Nimemkataza, hasikii.

Élie wako


Naviundu, 22 Septemba 2024

Élie,

Jambo, jambo tena. Umeamkaje? Wageni wameondoka, sahani zimeoshwa, na wewe umelala chumba cha pili unakoroma ninapoandika. Nakuandikia hivyo hivyo. Utaikuta mezani. Kuna jambo ambalo jana sikuweza kulisema kwa mdomo, watu walikuwa wengi na Christiane alikuwa anapiga vigelegele kila nilipofungua kinywa.

Kifaransa chenu pale chuoni kilikuwa cha haraka, nilishika nusu. Picha za damu nilizielewa. Ulivyosimama na shati la Godefroid nilielewa. Kisha yule mama wa miwani, wa katikati, akaweka kalamu chini. Aliuliza, nami nilishika kila neno: huyo jike wa bwawa la pili, nani alimtia? Ni mfanyakazi gani huyo asiyefuata maagizo, na kwa nini tuamini kazi iliyopita mikononi mwake?

Ungeweza kusema mlinzi. Ungeweza kusema jirani, au mtu mmoja mzee wa huko Naviundu. Nilikuombea kwa Mungu useme hivyo, ushinde, twende nyumbani.

Wewe ukajibu polepole, ili nami nisikie: « Ni mama yangu. »

Halafu ukageuka ukaniambia nisimame. Miaka yote umeniita Kambo, na ndivyo ilivyo, ndilo jina langu kwako na sikulilalamikia. Nilisimama nikishika bega la Christiane. Yule mama akavua miwani, akaniuliza kwa Kiswahili chetu: « Mama, ukimukuta tena, utarudia? » Sikujua nikidanganya itakusaidia au itakuua. Nikasema kweli: « Nikimukuta na batoto mu kinywa, nitarudia. Lakini mutoto yangu nitamuambia mbele. » Wote wakacheka, mpaka Profesa. Lakini miye niliona yule mama hakucheka sana. Alikuwa anafuta miwani.

Walipotoka chumbani na kusema umepita, na alama kubwa, na Profesa akakushika mkono akisema ufike kazini tarehe mosi, nilikuwa nimekaa. Christiane akaniuliza mbona nalia wakati umeshinda. Nikamwambia vumbi. Haikuwa vumbi, mwanangu. Nilikuwa nimeisubiri siku ya kuitwa hivyo mbele ya watu tangu nilipoolewa, na nilikuwa nimekwisha kuacha kuisubiri.

Sasa kuna shida. Mtu hamtanii mama yake kama anavyomtania kambo. Ile ndoa yetu umeivunja mwenyewe mbele ya mashahidi, kwa hiyo utafute mke mwingine, awe na miguu mizuri. Chai iko kwenye termos na mkate umefunikwa. Nimekwenda misa ya pili, nikirudi nikukute umeoga.

Mama yako,
Virginie